Kodeki ndiyo mpaka: sauti ya kidijitali katika redio ya ridhaa

Kati ya Nansio, mji wa kisiwa cha Ukerewe, na Mwanza kuna takriban kilomita 50 kwa mstari ulionyooka, karibu zote maji ya Ziwa Victoria. Kwa fundi wa redio huo ni umbali mgumu. Mawimbi ya VHF ya megahezi 144 hadi 146, ambayo kanda yetu imetengewa kwa redio ya ridhaa, hufuata upeo wa macho na kuupita kidogo tu. Hesabu yake haina siri: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita. Antena iliyo mita 100 juu ya ziwa, kwenye kilima cha Mwanza, inafika kilomita 41. Ya mashua iliyo upande wa Nansio, ikiwa mita 4 juu ya maji, inaongeza 8. Jumla 49. Maana yake ni kwamba mazungumzo ya pande hizi mbili hufanyika ukingoni, pale wimbi linapokaribia kukatika, na ukingoni ndiko mfumo wa sauti unakopimwa kwa haki.

FM ya kawaida ikifika huko huanza kuchafuka. Mvumo unapanda, maneno yanazama na kuibuka, lakini sikio lililozoea bado linalipata jina la kisiwa na idadi ya watu. Sauti ya kidijitali haina hali hiyo ya katikati. Makosa yakiwa machache, hesabu za kusahihisha biti huyarekebisha yote na sauti hutoka safi kuliko FM. Yakizidi kiwango, unasikia milio isiyo na neno hata moja, kisha kimya. Ripoti zinazosema mfumo fulani "unafika mbali zaidi" mara nyingi zimepima sehemu ile safi na kuruka hii ya pili.

Ili kuelewa kwa nini mifumo ya sauti ya kidijitali ni mingi na haisikilizani, lazima tuanze na kodeki, yaani ile sehemu inayobana sauti. Simu ya mezani ya kidijitali hutumia biti 64,000 kwa sekunde. D-STAR, mfumo ulioandaliwa na chama cha wanaredio wa ridhaa wa Japani kwa msaada wa serikali yao na kukamilika mwaka 2001, hubeba sauti kwa biti 2,400 tu, na kuongeza 1,200 za kusahihisha makosa. Inawezekanaje? Kodeki haitumi wimbi la sauti lenyewe. Kila milisekunde 20 inapima mambo machache: mtetemo wa koo uko juu kiasi gani, sehemu zipi za sauti zina mtetemo na zipi ni pumzi tupu, na nguvu imegawanyika vipi kati ya besi na sauti nyembamba. Vipimo hivyo hutumwa kama namba, na redio ya upande wa pili inaunda sauti mpya inayofanana na yako. Hapo pia ndipo ilipo kasoro ambayo watu wa ziwani wanapaswa kuijua kabla ya kununua: kodeki imetengenezwa kwa ajili ya koo la binadamu. Ukizungumza kando ya injini ya mashua, itajaribu kuupima mngurumo kana kwamba ni sehemu ya usemi, na maneno yako yataharibika zaidi kuliko ambavyo yangeharibika kwenye FM.

Kodeki ya D-STAR inaitwa AMBE, na mwenye nayo ni kampuni ya Marekani, DVSI. Mwaka 2005 taasisi ya viwango ya Ulaya, ETSI, ilitoa kiwango cha DMR, kilichokusudiwa makampuni, walinzi na madereva, wala si wanaridhaa. Mwaka 2013 Yaesu ya Japani ikaleta System Fusion. Kabla yao polisi na zimamoto wa Marekani walikuwa na P25, na Icom na Kenwood wakaunda NXDN kwa ajili ya biashara. Wanaridhaa waliichukua mifumo hii yote. Ukiitazama angani inatofautiana: DMR inagawa muda, zamu mbili za milisekunde 30 katika njia moja ya kilohezi 12.5, wakati D-STAR inabaki peke yake katika njia nyembamba ya kilohezi 6.25 hivi. Lakini ukiifungua ndani, mifumo yote mitano imenunua ubongo wake kwa muuzaji yule yule, DVSI, ila kwa matoleo tofauti.

Matoleo hayo ndiyo yaliyoamua nani anaweza kuzungumza na nani. Mwingereza Jonathan Naylor aliandika programu ya MMDVM, ambayo kwa kompyuta ndogo na modemu ya bei nafuu inaweza kupokea na kutuma karibu mifumo hii yote. Baada yake wanaprogramu wengine waligundua kwamba DMR, NXDN na ile hali ya kawaida ya System Fusion hutumia toleo moja la kodeki, AMBE+2. Basi hakuna haja ya kuifungua sauti. Unazitoa biti kwenye fremu ya DMR, unazipanga upya na kuziweka kwenye fremu ya Yaesu, kama dagaa wale wale wanaohamishwa kutoka gunia moja hadi jingine bila kupikwa. Sauti haipotezi chochote. System Fusion ina pia hali ya sauti pana inayotumia kodeki ya P25, kwa hiyo daraja la kwenda P25 nalo likajengwa kwa njia hiyo hiyo. D-STAR, yenye toleo la zamani, ikabaki nje. Kuivusha kunalazimu kuigeuza iwe sauti kamili kisha kuibana upya, kwa kawaida kwa chipu za DVSI zenyewe, na kila ubanaji unapunguza ubora.

Kazi hiyo ya madaraja naiona kuwa ya kihandisi safi kuliko mfumo wowote uliouzwa. Hata hivyo ina sharti: madaraja mengi hupita kwenye intaneti. Mnara wa simu ukizimika kwa kukosa umeme, daraja linazimika nao, na mwenye redio ya Yaesu hamsikii mwenye DMR aliye mita 200 kutoka alipo.

Kuna pia suala la sheria ambalo kwa maoni yangu limechukuliwa kirahisi mno. Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU), katika Kifungu cha 25, zinakataza mawasiliano ya ridhaa kati ya nchi na nchi kufumbwa kwa lengo la kuficha maana. AMBE haikuundwa ili kufumba, na hakuna anayeshtakiwa kwa kuitumia. Lakini roho ya redio ya ridhaa ni kujifunza, na kijana wa sekondari aliyejenga redio yake kwa mkono hawezi kuijenga kodeki ambayo ndani yake ni mali ya kampuni. Pengo hilo lilimsukuma David Rowe wa Australia kuandika Codec 2, kodeki huria, na mwaka 2019 Wojciech Kaczmarski wa Poland akaanzisha mfumo wa M17 juu yake: biti 3,200 za sauti kwa sekunde, na kila mstari wa programu unasomeka na yeyote. Udhaifu wake leo ni vifaa. Redio fulani za TYT zilizouzwa kwa DMR zinaweza kugeuzwa zitumie M17, lakini ni kwa kufungua kasha na kushika chuma cha kulehemu.

Sasa tuirudishe hesabu ziwani. Wilaya ya Ukerewe ina visiwa 38. Tangu tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimejaza watu kupita uwezo wake na zaidi ya watu 220 wakafa, hakuna mjadala wa mawasiliano hapa unaoweza kuwa wa mchezo. Tutazame vyombo vya majini vilifanya nini duniani. Taarifa za mahali chombo kilipo zimekwenda kidijitali kupitia AIS, kwa kiwango kimoja cha lazima kilichokubaliwa kimataifa. Sauti ya dharura imebaki FM, chaneli ya 16, megahezi 156.8, kwa sababu wito wa kuomba msaada lazima usikike na redio yoyote iliyo jirani, mpya au kuukuu. Wanabaharia waliamua kwanza nani lazima asikie, ndipo wakachagua teknolojia. Kwa wanaridhaa wauzaji walitangulia, makubaliano yakafuata nyuma.

Kwa kikundi kitakachotaka kuweka ripita, yaani kituo kinachopokea wimbi na kulirusha tena, huko Nansio, baada ya kupata leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ushauri wangu ni huu. Msingi uwe FM, na ubaki hivyo wakati wote wa dharura. Juu yake iongezwe DMR, kwa sababu zamu mbili zinatoa mazungumzo mawili kwa ripita moja na antena moja, na redio ya mkononi ikituma nusu ya muda tu betri yake inadumu, jambo kubwa pale umeme unapotoka kwenye paneli ya jua. M17 ipewe vijana wa shule waifungue na kuijenga. D-STAR na System Fusion ni kazi nzuri za wahandisi wazuri, lakini zinamfunga mnunuzi kwa mtengenezaji mmoja au wawili, na fedha ya kikundi cha kisiwani haina nafasi ya kufungwa hivyo.