Ukumbusho: Picha za Tshibumba na Maneno Yake

Katika miaka ya 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimletea Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, picha zaidi ya mia moja zinazosimulia historia ya nchi yetu, tangu enzi za kale hadi utawala wa Mobutu. Kazi hiyo ilitolewa mwaka 1996 katika kitabu Remembering the Present. Wengi hukitaja kuwa kielelezo cha utafiti unaotumia sanaa. Sifa hiyo twaikubali; sababu zake ndizo tunazotaka kuzichungua.

Picha za namna hii zilijulikana mjini kwa jina la ukumbusho. Zilitundikwa sebuleni, na mgeni alipozitazama, masimulizi yalianza. Fabian alitambua kwamba picha haijakamilika mpaka isemewe, akarekodi maelezo ya mchoraji. Tuchukue ile ya kifo cha Lumumba, ambamo misalaba mitatu inaonekana kwa mbali. Asiyesikia maelezo angedhani ni makaburi ya Lumumba, Mpolo na Okito, basi. Tshibumba mwenyewe alimfananisha Lumumba na Bwana Yesu. Kumbe misalaba ile ni hoja ya mwanahistoria. Na hivyo ndivyo alivyojiona: mwanahistoria, wala si mtoa habari wa mtu mwingine.

Hapa ndipo lawama yetu inapoanzia. Maneno hayo yalisemwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi kilichochanganyika na Kifaransa, lakini kitabuni twayasoma kwa Kiingereza. Mwanahistoria amebaki na picha zake, amepoteza sauti. Ni kweli kwamba matini ya Kiswahili yaliwekwa baadaye katika Archives of Popular Swahili, lakini ni wangapi kati ya wanaokisifu kitabu waliokwenda kuyatafuta?

Fabian huyu huyu alikuwa amefanya vizuri zaidi mwaka 1990, katika Power and Performance. Mwaka 1986 aliwauliza waigizaji wa kundi la Mufwankolo maana ya msemo kwamba mamlaka huliwa yakiwa mazima. Wao wakamjibu kwa kutunga mchezo. Matini ya Kiswahili yamechapwa pamoja na tafsiri, hata msomaji wa Lubumbashi aweza kumpinga mfasiri.

Kuhusu fedha (kwani mtafiti alikuwa pia mnunuzi wa picha) hatusemi mengi: Fabian hakulificha jambo hilo, na Tshibumba aliishi kwa brashi yake.

Lililo karibu nasi ni tasnifu. Mwanafunzi hukusanya nyimbo, michoro na hadithi katika mitaa ya Kenya na Katuba, kisha hutuletea muhtasari wa Kifaransa, na kanda hubaki nyumbani kwake. Twapendekeza kwamba kila tasnifu ya aina hiyo iambatane na matini kamili kwa lugha iliyosemwa, pamoja na makosa, vicheko na Kifaransa chake, na kwamba nakala moja irudishwe kwa msanii.