Suluhu Nne Kuelekea Maracanã

Mwaka 2023 Boca Juniors ya Argentina ilifika fainali ya Copa Libertadores bila kushinda hata mechi moja ya mtoano ndani ya dakika 90. Mechi sita, sare sita, na nne kati ya hizo zilikuwa suluhu kabisa. Katika dakika 540 walifunga mabao matatu, wakafungwa matatu, na mara zote tatu walipofika kwenye matuta walitoka wakishangilia. Wapo waliosema ni bahati tupu, na wapo walioona ni aibu kwa klabu iliyokwisha kulibeba kombe hilo mara sita. Mimi nimezitazama mechi zile mara nyingi, na kila nikizirudia heshima yangu kwao inaongezeka. Kilichofanyika pale ni ufundi, tena ufundi wa zamani katika soka la Amerika Kusini, na unastahili kuangaliwa bila haraka.

Tuanze na kanuni, maana kila kitu kinaanzia hapo. Katika Libertadores, hatua za mtoano kabla ya fainali hazina dakika 30 za nyongeza. Timu zinacheza nyumbani na ugenini, na zikimaliza zikiwa sawa kwa jumla ya mabao, mwamuzi anawaita manahodha na mikwaju ya penalti inapigwa hapo hapo. Hadi mwaka 2021 bao la ugenini lilikuwa na uzito wa kuamua, lakini tangu msimu wa 2022 limefutwa. Zamani mambo yalikuwa tofauti zaidi, kwani timu ziliweza kupelekwa kwenye mechi ya tatu katika nchi nyingine. Ndivyo Peñarol ya Uruguay ilivyotwaa ubingwa wa 1987 mjini Santiago, pale Diego Aguirre alipoifunga América de Cali katika dakika ya mwisho kabisa ya muda wa nyongeza, wakati Wakolombia walihitaji sare tu ili wawe mabingwa. Siku hizi hakuna mlango wa namna hiyo. Nyuma ya dakika ya 90 ya marudiano kuna matuta, basi.

Ukiitafakari kanuni hiyo utaona inabadilisha hesabu yote. Timu yenye kipa hodari wa penalti inaanza mechi ikiwa imetangulia, ingawa ubao unasoma 0-0. Kila dakika inayopita bila bao inaisogeza karibu na mahali inapopataka, huku mpinzani akisogezwa mahali anapopaogopa. Mpinzani akilijua hilo, anaanza kuharakisha pasi, anapandisha mabeki wa pembeni wote wawili kwa wakati mmoja, anapiga mashuti ya mbali yasiyo na kichwa wala miguu. Kwa hiyo kipa anayeaminika kwenye matuta anailinda timu yake hata dakika ya 60, akiwa amesimama tu, mpira uko upande wa pili. Wasomaji wanaoikumbuka Simba ya mwaka 2003 hawahitaji kuelezwa sana. Dar es Salaam Simba ilishinda 1-0, Cairo ikafungwa 1-0 na Zamalek waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, na matuta yalipofika, langoni kulikuwa na Juma Kaseja.

Boca ya kocha Jorge Almirón ilikuwa na Sergio Romero, mtu wa mita 1.92 aliyekuwa na umri wa miaka 36. Katika 16 bora walitoka suluhu na Nacional kule Montevideo, wakafungana 2-2 Buenos Aires, wakapita kwa matuta 4-2. Robo fainali ikawakutanisha na Racing, majirani kutoka Avellaneda. Suluhu La Bombonera, nyumbani kwa Boca, suluhu tena kwenye uwanja wa Racing, halafu matuta 4-1, Romero akipangua mawili. Ukisoma matokeo hayo gazetini utadhani hakuna kilichotokea kwa dakika 180.

Kumbe hapo ndipo pa kutazama. Suluhu ya ugenini haiji yenyewe, inajengwa. Angalia umbali kati ya mabeki na viungo, unavyobaki ule ule mpira ukiwa kulia au kushoto, kiasi kwamba mshambuliaji anayeshuka kupokea pasi anajikuta na mtu mbele na mtu mgongoni. Angalia jinsi mpinzani anavyoachiwa njia ya pembeni kwa makusudi, kwa sababu krosi kutoka kule inakutana na mabeki wa kati ambao kazi hiyo wameifanya tangu utotoni. Halafu angalia mambo madogo, yale ambayo kamera huwa haina subira nayo. Beki wa pembeni anayekwenda kurusha mpira dakika ya 70 anaufuta kwa jezi, anamtazama wa karibu, anamtazama wa mbali, kisha anamwachia mwenzake aje arushe yeye. Kiungo anayesikia pumzi ya mpinzani mgongoni anauweka mwili kati ya mtu na mpira, anapokea teke dogo, anapata faulo katikati ya uwanja, na wenzake kumi wanapumua. Sekunde 20 hapa, 30 pale. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoingia kwenye takwimu za mechi, lakini zikijumlishwa zinamvunjia mpinzani mdundo wake. Na mpira wa mtoano unachezwa kwa mdundo kuliko kitu kingine chochote.

Kuna wanaouita uoga mchezo huu. Siukubali uamuzi huo. Mwoga anarudi nyuma kwa sababu hajui la kufanya. Hawa wanarudi wakijua wanachokisubiri, na wanaweza kuutaja mpaka mguu wa mpinzani ambao wangependa ndio upige krosi.

Wala kusubiri si kukaa nyuma tu. Mwalimu mkubwa wa shule hii, Carlos Bianchi, alibeba Libertadores mara nne, na tatu kati ya hizo zilipatikana kwa matuta. Mwaka 1994 akiwa na Vélez Sarsfield alishinda nyumbani 1-0, akafungwa 1-0 na São Paulo mbele ya umati wa Morumbi, na kipa wake José Luis Chilavert akapangua mkwaju mmoja na kufunga mwingine kwa mguu wake mwenyewe. Mwaka 2000, sasa akiwa Boca, alitoka 2-2 na Palmeiras nyumbani, akachukua suluhu Morumbi ile ile, na Óscar Córdoba akamaliza kazi. Mwaka 2001 ilikuwa zamu ya Cruz Azul ya Mexico: 1-0 kule, 0-1 hapa, matuta 3-1. Lakini Bianchi huyo huyo alikuwa na Juan Román Riquelme, na mwenye Riquelme alikuwa na njia nyingine ya kuutumia muda, yaani kuushika mpira.

Robo fainali ya Mei 2000 dhidi ya River Plate inaonyesha hilo kuliko mechi yoyote niijuayo. River walishinda ya kwanza 2-1. Kwenye marudiano, La Bombonera, Boca walihitaji mabao, wakayapata matatu, la mwisho likiwa la Martín Palermo aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi baada ya miezi ya kuuguza goti. Mabao hayo yanakumbukwa, ila watu wanasimulia zaidi kitendo kisichozaa bao lolote. Riquelme yuko karibu na mstari wa pembeni, amelipa lango kisogo, beki Mario Yepes amemgandia mgongoni. Anaukanyaga mpira, anauvuta kwa unyayo, anaupitisha katikati ya miguu ya Yepes, kisha anamzunguka na kuupokea upande wa pili. Tobo safi kabisa. Ukilitazama taratibu utaona uzuri wake si wa kujionyesha. Alikuwa amebanwa pembeni, pasi ya nyuma imezibwa, na njia pekee iliyobaki ya kuendelea kuumiliki mpira ilikuwa kati ya magoti mawili ya adui. Akaitumia.

Ufundi huu hauna mwenyewe mmoja. Mwaka 2004 Bianchi aliyekuwa akiufundisha alikutana nao kwenye fainali upande wa pili. Once Caldas, timu ya Manizales huko Kolombia, ilichukua suluhu La Bombonera, ikatoka 1-1 nyumbani, na matuta yakaisha 2-0 bila mkwaju hata mmoja wa Boca kuingia. Mwaka 2008 LDU ya Quito ilifika Maracanã na ushindi wa 4-2 ilioupata kwao, kwenye mwinuko wa mita 2,850 ambako mapafu ya wageni huungua mapema. Fluminense wakawafunga 3-1, yote matatu ya Thiago Neves. Jumla 5-5. Bao la ugenini lingehesabiwa, Fluminense wangekuwa mabingwa usiku ule, lakini kwenye fainali halikuwa linahesabiwa. José Francisco Cevallos, kipa mkongwe wa Ekuador, akapangua mikwaju mitatu. Miaka michache baadaye aliteuliwa kuwa waziri wa michezo wa nchi yake, na sidhani kama kuna aliyeuliza sifa zake.

Halafu kuna mguu wa kushoto wa kipa Victor. Mei 2013, Belo Horizonte, robo fainali. Atlético Mineiro walitoka 2-2 na Tijuana huko Mexico, na marudiano yako 1-1. Wakati ule bao la ugenini bado linahesabiwa, kwa hiyo 1-1 inawavusha wenyeji na 1-2 inawatoa. Dakika za majeruhi, Tijuana wanapewa penalti. Duvier Riascos, aliyekwisha kufunga moja usiku huo, anakuja. Victor anaruka kulia kwake, anaona mpira unaelekea kati, mikono imeshapita, mwili umeshapita. Kilichobaki nyuma ni mguu wa kushoto. Anaunyanyua, mpira unaugonga na kutoka. Wengine wanasema ni bahati. Lakini kipa asiyefundishwa hukunja miguu akiruka. Anayejua kazi huuacha mguu wa nyuma uishi, kwa sababu anajua wapigaji wengi wenye hofu hupiga kati. Nusu fainali walipoteza 2-0 kwa Newell's Old Boys, wakashinda 2-0, matuta. Fainali walipoteza 2-0 kwa Olimpia, wakashinda 2-0, matuta. Kombe likaenda Belo Horizonte.

Turudi kwa Romero, nusu fainali ya 2023. Mechi ya kwanza dhidi ya Palmeiras ilikuwa suluhu Buenos Aires, kama ilivyotarajiwa. Marudiano yakachezwa São Paulo, mji ambamo miaka tisa kabla Romero huyo huyo alipangua penalti za Ron Vlaar na Wesley Sneijder na kuipeleka Argentina kwenye fainali ya Kombe la Dunia. Edinson Cavani akawapa Boca bao la kuongoza kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili Marcos Rojo, nguzo ya ulinzi, akapata kadi ya pili ya njano na kutoka. Muda si mrefu Joaquín Piquerez akasawazisha. Kuanzia hapo ni watu kumi ugenini, dhidi ya timu iliyokuwa imelitwaa kombe hilo mara mbili mfululizo, 2020 na 2021. Dakika zile za mwisho ndizo ninazozirudia zaidi. Mabeki wa Boca hawapigi mpira ovyo hata mara ambazo ungedhani hawana la kufanya. Wanautoa nje upande walioupanga, wanajipanga, wanasubiri wimbi linalofuata. Palmeiras wanashambulia kama watu wenye deni linaloiva saa hiyo hiyo.

Filimbi. Matuta. Kipa Weverton akapangua mkwaju wa Cavani, na mtu angedhani hesabu imeharibika. Romero akapangua wa Raphael Veiga, mpigaji penalti anayeheshimika Brazil nzima, kisha akapangua wa nahodha Gustavo Gómez. Lango lina upana wa mita 7.32, mpira uko mita 11 tu, na sheria inamtaka kipa abaki na angalau sehemu ya unyayo mmoja kwenye mstari au nyuma yake hadi mguu wa mpigaji uguse mpira. Kwa masharti hayo hakuna anayeweza kuusubiri mpira, anamsubiri mtu: nyonga yake, mguu wake wa kukanyagia, lile bega linalofunguka mapema. Romero alikuwa na sifa ya kubaki mkubwa mpaka mwisho, na mpigaji anayemwona mkubwa anajaribu kona za mbali zaidi. Pol Fernández akafunga wa mwisho, 4-2. Tusisahau pia wapigaji. Katika mashindano matatu ya matuta Boca waliingiza mikwaju 12, na bila hiyo mikono ya Romero ingekuwa hadithi ya huzuni.

Fainali ilichezwa tarehe 4 Novemba, Maracanã, mechi moja tu kama ilivyo tangu 2019, na hapa kanuni inabadilika. Fainali ndiyo hatua pekee yenye dakika 30 za nyongeza. Germán Cano aliifungia Fluminense kipindi cha kwanza, Luis Advíncula akasawazisha dakika ya 72, na dakika 90 zikaisha 1-1. Katika hatua nyingine yoyote ya mtoano mwaka ule, sare hiyo ingempeleka Romero langoni na mikwaju mitano mbele yake. Safari hii kulikuwa na nusu saa zaidi, na timu iliyozoea kupima nguvu zake hadi dakika ya 90 ililazimika kuendelea kukimbia. Dakika ya 99 kijana John Kennedy, aliyetokea benchi, akaukuta mpira ukidunda nje ya eneo la hatari na kuupiga kwa nguvu zake zote wavuni. Alikwenda kushangilia na mashabiki, akapewa kadi ya pili ya njano, akatolewa. Kabla ya mapumziko ya muda huo wa nyongeza Frank Fabra wa Boca naye akatolewa kwa nyekundu. Ikabaki kumi kwa kumi, 2-1, na kwa mara ya kwanza katika mtoano wa mwaka ule, muda ulikuwa ukimfanyia kazi mtu mwingine.