Mzigo wa Sanda: Jinsi Rubens Alivyomshusha Yesu Msalabani

Nyundo, nchini Rwanda, pana kanisa kuu la jimbo na shule ya sanaa. Uchambuzi huu nawaandikia vijana wanaojifunza uchoraji huko, hasa wanaohangaika kupanga watu wengi ndani ya picha moja. Hapo ndipo picha nyingi za dini huharibika: kila mtu kasimama kivyake, uso kautazamisha mbinguni, na hakuna anayefanya kazi.

Katika picha ya Peter Paul Rubens ya Kushushwa Msalabani, iliyomo kanisa kuu la Antwerp, Ubelgiji, hakuna asiye na kazi. Chama cha wapiga bunduki wa mji huo kilimwagiza aichore Septemba 1611, miaka mitatu baada ya yeye kurudi kutoka Italia. Ubao wa kati, wenye kimo cha zaidi ya meta 4, ulifikishwa kanisani 1612.

Watu wanane wanashusha mwili mmoja. Rubens aliitandaza sanda nyeupe mshazari, kutoka juu kulia hadi chini kushoto, na mwili unateleza juu yake. Mmoja wa wanaume wawili wa juu ameing'ata sanda kwa meno, maana mikono haimtoshi. Sanda hiyo ndiyo njia ya jicho, na ndiyo pia kifaa cha kazi. Uzito wote unamfikia Yohane, aliyevaa nyekundu, mguu mmoja ngazini, mgongo ameurudisha nyuma. Waliowahi kumteremsha mgonjwa mlimani kwa ingobyi, machela ya kubebea wagonjwa, wanalijua jambo hili: kwenye mteremko, mbebaji wa chini ndiye anayelemewa zaidi. Kwa hiyo Yohane amepewa mwili mkubwa na rangi kali kuliko wote. Angekuwa mwembamba, tusingeamini kwamba maiti haitaanguka. Maria ameunyoosha mkono, na mguu wa Yesu umegusa bega la Magdalena. Mguso ule mdogo nauona kuwa uamuzi bora kabisa katika picha nzima.

Weupe wa sanda una siri yake katika maandalizi. Alipochora kwenye mwaloni, Rubens alitumia mbao zilizopakwa chaki iliyochanganywa na gundi, zikasuguliwa hadi zikawa laini. Vivuli alivipaka vyembamba, ili wangavu wa chini upenye. Penye mwanga alirundika rangi nyeupe ya risasi iliyosagwa kwa mafuta ya kitani. Anga akaifanya nyeusi, na mwili uliopauka ukatokeza mbele. Anayeanza na rangi nzito kila mahali anaufukia mwanga wake mwenyewe.

Msimamizi wa chama alikuwa Mtakatifu Kristofa, aliyemvusha mtoto Yesu mtoni kwa kumbeba. Rubens alimweka nje, aonekane milango ya pembeni inapofungwa juu ya ubao wa kati. Ndani ya milango hiyo, iliyokamilika 1614, Maria mjamzito anamtembelea Elisabeti, na mzee Simeoni anampakata mtoto hekaluni. Kila ubao wa ndani una mtu anayembeba Yesu. Wateja walimpata mtakatifu wao bila habari ya Injili kuvurugwa.

Ubora wa mpango huu ulijaribiwa 1620, mchongaji wa chapa Lucas Vorsterman alipouchonga kwa ajili ya kuchapwa. Rangi zote zilitoweka, uzito ukabaki. Chapa hiyo ilimfikia mchoraji Rembrandt kule Uholanzi, naye mnamo 1633 akachora picha yake mwenyewe ya Kushushwa Msalabani, ambayo sasa iko Munich. Hakunakili. Alikataa ule mwili mzuri unaoteleza, akachora maiti iliyolegea, tumbo limejikunja, na mtu ameegemeza shavu lake juu yake. Na yule aliye ngazini katika nguo ya buluu, akiushika mkono wa Yesu, ana sura ya Rembrandt mwenyewe.