Heko kwa Mkutubi wa Isiolo

Mkutubi anayewachagulia watoto wa Isiolo vitabu anastahili heko, kwa kuwa kazi yake ni ya kupima. Jirani zao wa Garissa walilidhihirisha hilo tangu 1996, Huduma ya Maktaba za Kitaifa ya Kenya ilipoanza kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia: sanduku ubavu huu, sanduku ubavu ule, na kila kitabu kinachopanda kinamwacha mwenzake chini.

Wapo wasemao fedha chache zinunue vitabu vya kiada pekee, maana mtihani hauulizi hadithi. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba mtihani wenyewe husomwa, na wepesi wa kusoma huletwa na kitabu ambacho mtoto hataki kukifunga. Hadithi humwezesha mtoto wa Kiborana kuiona dunia kwa macho ya jirani yake Mturkana au Msamburu. Kitabu cha maarifa humweleza kwa nini maji ya Ewaso Ng'iro hupungua kiangazi, na jinsi ya kumtambua punda milia wa Grevy kwa mistari myembamba na masikio mapana ya duara. Anayevipakia vyote viwili katika sanduku moja amefanya kazi ya mwalimu. Tumpongeze, na bajeti tumwongezee.