Urefu na Unene wa Papa Mchanga

Papa anayefika soko la Kinango hana tena kipimo. Ameshapasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa, akawa ng'onda. Akishapikwa kwa tui la nazi, hakuna wa kujua kama alikuwa mkubwa wa bahari au mtoto wa wiki tatu. Kwa hiyo kazi ya kumpima, ninayoisifu hapa, hufanyika mapema, kwenye madiko ya Msambweni, Shimoni na Vanga, kabla kisu hakijaanza.

Mpimaji ana ubao wenye sentimita, futi kamba na mizani ya kuning'iniza. Humlaza papa amenyooka, pua ikigusa mwanzo wa ubao. Pingusi, ambaye kichwa kimetanuka pande mbili, hupimwa kuanzia katikati ya ukingo wa mbele. Mkia hupinda na hukatika, basi mpimaji mzuri huandika pia urefu unaoishia pale mkia unapoanzia. Kisha humgeuza tumbo. Pingusi huzaliwa hai, na kati ya mapezi ya kifua hubaki kovu la kitovu: likiwa wazi, amezaliwa juzijuzi, likiwa limeziba, ana wiki kadhaa. Huzaliwa na sentimita 40 hadi 55 hivi, na jike hukaribia mita 2 ndipo aweze kuzaa.

Lakini urefu hausemi kama mtoto anashiba. Kinango tunalijua hili tangu miaka ya ukame: mhudumu wa afya huzungusha mkanda kwenye mkono wa mtoto, na chini ya sentimita 11.5 hiyo ni rangi nyekundu ya utapiamlo mkali, hata mtoto awe mrefu kuliko wenzake. Papa naye hupimwa mzingo nyuma ya mapezi ya kifua, na uzito wake hugawanywa kwa urefu mara urefu mara urefu, kwa kuwa mwili hukua pande zote.

Ini ndilo ghala lake la mafuta. Mafundi wa majahazi walitoa humo sifa, yaani mafuta ya papa, ya kupaka mbao. Mama humwekea mtoto akiba humo. Utafiti wa mwaka 2010 juu ya papa wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ulionyesha kwamba mtoto huila akiba hiyo kwanza, ini likasinyaa. Basi papa mchanga aliyepungua si lazima awe mgonjwa. Huenda bado anajifunza kuwinda. Kumtenga na anayekufa njaa kunataka vipimo vingi, vya njia ileile, kusi na kaskazi.

Na vipimo vyote huchukuliwa katikati ya haraka. Barafu ya mchuuzi inayeyuka, mama karanga, mkaangaji wa samaki, anangoja, mvuvi aliyekesha na jarife anataka kwenda kulala. Matumbo yakishatolewa, uzito umeharibika. Mpimaji hodari husalimia kwanza, hushika upande wa tenga, ndipo akaomba dakika moja. Ulimi huo nauhesabu kuwa nusu ya ufundi.

Pingusi aliingizwa katika orodha ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 2013, na mwaka 2019 shirika la uhifadhi la IUCN likamweka katika daraja la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Orodha hizo huandikwa mbali. Mwezi gani makovu wazi huzidi Vanga, na jarife la macho mapana kiasi gani huwazoa wachanga, hilo husomwa kwenye fomu iliyoloa maji ya chumvi, ambayo mvuvi na ofisa wa uvuvi wanaweza kuiweka kati yao wakabishana juu ya namba zilezile.