Ardhi, Wahenga na Lugha: Riwaya ya Ismael Mbise

Mwezi Novemba 1951, serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasilisha malalamiko ya wenzake mbele ya Umoja wa Mataifa. Mkasa huo ndio kiini cha riwaya ya Ismael Mbise, Blood on Our Land, iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1974.

Msomaji asiidhanie riwaya hii kuwa ni habari ya kesi ya ardhi tu. Kesi hupima ekari. Mwandishi anapima jambo lisilopimika. Ardhi ya Mmeru ni mahali walipolala wahenga wake, na afukuzwaye hapo hukatwa na nasaba yake. Kwa hiyo uhuru unaodaiwa humu ni wa roho pia, wala fidia ya fedha haitoshi kuulipia.

Hata hivyo, kuna jambo linalotutia simanzi. Sisi tuliokulia Nduruma, chini ya mlima uleule, tuliusikia mkasa huu vinywani mwa wazee, kwa Kimeru na Kiswahili. Riwaya imeandikwa kwa Kiingereza, lugha ya waliotoa amri ya kuhama. Hivyo wazee wenye hadithi wakabaki nje ya kitabu chao wenyewe. Simlaumu mwandishi, shule ndizo zilizomlea hivyo. Lakini hadithi hii nayo yafaa irudishwe kwa wenyewe, kwa Kiswahili.