Shahidi na Lugha: Shaka katika Michezo Miwili ya Televisheni

Mtunzi anapokusudia kuyaweka maisha ya kiongozi wa taifa katika mchezo wa televisheni wa mfululizo, mambo mawili huamuliwa kabla ya picha ya kwanza kupigwa: ni nani atakayekuwa shahidi wa maisha hayo, na ni kwa lugha gani kiongozi mwenyewe atasema. Aghalabu uhakiki huanzia mbali na hapo. Hupima maleba, hupima uigizaji, kisha huuliza iwapo tukio fulani lilitokea ama halikutokea. Makala haya yanashikilia kwamba sura ya kiongozi hujengwa katika yale maamuzi mawili ya awali, na kwamba mhakiki asiyeanzia hapo huhukumu matawi akaacha mzizi. Mfano ulio wazi ni ule wa Shaka, mfalme wa Wazulu, aliyetungiwa michezo miwili mikubwa katika nchi moja, miaka 37 ikiwa baina yake.

Mchezo wa kwanza, *Shaka Zulu*, ulitolewa mwaka wa 1986 na Shirika la Utangazaji la Afrika Kusini. Uliongozwa na William C. Faure, ukaandikwa na Joshua Sinclair, na Henry Cele akaigiza nafasi ya Shaka katika sehemu 10. Mwaka huo huo serikali ya ubaguzi wa rangi ilitangaza hali ya hatari nchini kote, na shirika hilo lilikuwa chombo cha serikali hiyo. Shahidi aliyeteuliwa ni Henry Francis Fynn, Mwingereza aliyefika Port Natal mwaka wa 1824. Shaka aliuawa mwaka wa 1828. Kwa hiyo shahidi huyu aliweza kumjua mfalme kwa miaka minne tu, na utoto wa Shaka, uhamisho wake na mamaye Nandi, na kupanda kwake katika jeshi la Dingiswayo, yote aliyapata kwa kusikia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Si hivyo tu. Kitabu kiitwacho shajara ya Fynn, kilichochapishwa mwaka wa 1950, hakikuandikwa siku kwa siku. Sehemu yake kubwa ilitungwa baadaye kwa kukumbuka. Tena ipo barua ya mwaka wa 1832 ambamo Nathaniel Isaacs, mwenzake katika biashara, alimshauri Fynn awaeleze wafalme wa Kizulu kuwa wamwagaji damu ili kitabu kipate wasomaji. Hata hivyo, mashahidi wengine walikuwapo. James Stuart alikuwa amekusanya masimulizi ya wazee wa Kizulu tangu mwisho wa karne ya 19 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, na juzuu ya kwanza ya masimulizi hayo ilichapishwa mwaka wa 1976, miaka 10 kabla ya mchezo kuonyeshwa.

Kisha ikaja lugha. Shaka wa mwaka 1986 anasema na mamaye kwa Kiingereza. Matokeo yake si ya matamshi tu. Mtazamaji huwekwa upande wa mgeni, naye mfalme huwa kitendawili kinachongojea mgeni akitegue. Zaidi ya hayo, *izibongo*, yaani tungo za sifa za Wazulu, hunyang'anywa kazi yake. Katika jadi hiyo *imbongi*, mtunzi wa sifa, humsifu mfalme na pia huweza kumkanya mbele ya watu. Sifa na lawama hukaa katika ubeti mmoja. Ikiondolewa lugha ya tungo hizo, hukumu ya wananchi juu ya kiongozi wao hutoweka, ikabaki hukumu ya mgeni peke yake. Jambo la kusikitisha ni kwamba sehemu ya majumba yaliyojengwa kwa ajili ya picha karibu na Eshowe ilifanywa mahali pa watalii, pakaitwa Shakaland.

Mchezo wa pili, *Shaka iLembe*, ulianza kuonyeshwa Juni 2023. Uliandaliwa na Bomb Productions, na Shaka aliigizwa na Lemogang Tsipa. Lugha yake kuu ni Kizulu. Hadithi haianzi kwa mgeni kushuka pwani bali huanza kwa wazazi, na Dingiswayo wa Wamthethwa na Zwide wa Wandwandwe hupewa uzito wao, hata ujenzi wa dola ukaonekana kuwa kazi ya mataifa yaliyoshindana, wala si miujiza ya mtu mmoja. Haya ni mafanikio makubwa. Lakini watayarishaji walishauriana pia na nyumba za kifalme na wazao wa wahusika, na hapo pana hatari ya namna nyingine. Mcheza kwao hutuzwa, naye atarajiaye tuzo huogopa kukanya. Lugha ya wenyeji humrudishia kiongozi kauli yake. Haitoshi peke yake kumpa mtunzi ujasiri wa *imbongi*.

Ujasiri huo haukosekani katika fasihi ya Kiswahili. Ebrahim Hussein, katika *Kinjeketile* (1969), alieleza kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha ubunifu, si yule wa historia. Kwa kutenga hao wawili alipata uhuru wa kumwonyesha kiongozi anayebanwa na imani aliyoianzisha mwenyewe, bila kumvunjia heshima mtu aliyenyongwa na Wajerumani mwaka wa 1905. Heshima na lawama zimekaa pamoja.

Kwa Kenya suala hili si la mbali. Mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo juu ya Dedan Kimathi (1976), uliotafsiriwa kwa Kiswahili kama *Mzalendo Kimathi* (1978), ulitungwa kumbukumbu za kesi ya Nyeri ya mwaka wa 1956 zikiwa hazijachapishwa. Tangu mwaka wa 2017 kumbukumbu hizo zinasomeka kitabuni. Atakayemtungia Kimathi mchezo wa televisheni atavutwa kuzifanya msingi, kwa kuwa zina tarehe, majina na maswali. Lakini ni maandishi ya Kiingereza yaliyoandikwa na mahakama iliyomhukumu kifo. Zitumike, ila zisifanywe Fynn wa pili. Pembeni yake yawekwe masimulizi na nyimbo za waliopigana msituni, pamoja na ya wale waliopigana upande wa pili, kila moja kwa lugha yake. Hapo ndipo kiongozi atakapopata mashahidi wanaomjua, na wananchi watakapopata nafasi ya kumsifu na kumkanya kwa kauli yao wenyewe.